Furaha Isiyonunuliwa Dukani



Furaha za nyumbani ni za namna mbili. Ya kwanza huja kwa kelele: harusi, ubatizo, diploma ya mtoto, mshahara ulioongezwa. Majirani huiona, nasi huiandalia bukari na kuku, na kesho yake tunabaki na vyungu vya kuosha na pengine deni la kulipa. Ya pili huingia bila kupiga hodi. Mtoto aliyekuwa akikwama kila siku katika neno «mwanakondoo» analisoma leo bila kusita. Mama anaimba huku akitwanga sombe. Baba anarudi kazini, na kabla hajavua viatu kitinda mimba amekwisha kumpanda magotini, anamweleza habari ndefu za mende aliyemwona ukutani.

Furaha za namna hii ya pili haziandikwi katika daftari la hesabu. Hakuna azidaiye, wala hakuna azilipaye. Ndiyo sababu ni rahisi sana kuzipoteza. Na mwenye kuzipoteza hata hajui kwamba amepoteza kitu.

Mimi ninayeandika ukurasa huu ni baba wa watoto, na meza ninayoandikia ndiyo meza ya kulia. Najua basi wanavyosema watu kuhusu waandishi: kwamba kalamu na mtoto hawakai meza moja, kwamba mwenye kazi ya akili hana budi kufunga mlango na kuwafukuza wadogo uani. Wengine husema vivyo hivyo kuhusu fundi, mwalimu na mfanya biashara. Juma hili nataka kuwasimulieni habari za mtu mmoja ambaye maisha yake yaonyesha kinyume. Vitabu vyake vimesomwa na mamilioni ya watu, lakini nitasema kidogo tu juu ya sifa zake. Nataka tuingie nyumbani mwake.

Jina lake ni John Ronald Reuel Tolkien. Alizaliwa katika Afrika yetu hii, mjini Bloemfontein, Afrika ya Kusini, tarehe 3 Januari 1892. Wazazi wake walikuwa Waingereza, na baba yake alifanya kazi katika benki. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mama alimchukua yeye na mdogo wake kwenda Uingereza kuwaona jamaa zao. Baba alibaki kazini akitumaini kuwafuata. Hakuwafuata kamwe, kwani alifariki huku huku Afrika mwaka 1896. Mama akawalea wanawe wawili katika umaskini. Mwaka 1900 aliingia katika Kanisa Katoliki, na mwaka 1904 naye akafa. Tolkien alikuwa na miaka kumi na miwili. Padri mmoja, Francis Morgan, ndiye aliyewatunza mayatima hao.

Naomba mwangalie jambo hili, kwa maana ni la maana kwetu. Mtu huyu hakujifunza kuwa baba kwa kumtazama baba yake, kwa sababu alimpoteza kabla hata hajamjua vema. Katika nchi yetu wako vijana wengi ambao vita au maradhi yaliwanyang'anya baba, na wengine husema: «Nitawezaje kulea, nami sikulelewa?» Basi, yatima huyu alioa mwaka 1916, akaenda vitani Ufaransa mwaka ule ule, akawapoteza huko rafiki zake wapenzi. Aliporudi alizaa watoto wanne: John, Michael, Christopher, na binti mmoja, Priscilla. Nao walikumbuka hata uzeeni jinsi baba yao alivyocheza nao kwa maneno. Kikombe ambacho hakunywea yeye aliwajazia wengine.

Msifikiri kwamba alikuwa tajiri mwenye saa nyingi za kupumzika. Alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Oxford, na mshahara wake haukutosha kwa watoto wanne. Kila mwaka wakati wa joto, wenzake walipopumzika, yeye alisahihisha mitihani ya wanafunzi wa shule ili apate fedha ya kuongeza nyumbani. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanajua uchovu wa kazi hiyo: karatasi juu ya karatasi, makosa yale yale, macho yanauma. Siku moja alikuta kwamba mtahiniwa mmoja ameacha ukurasa mzima mweupe. Kwa mwalimu aliyechoka, ukurasa usio na kitu cha kusahihisha ni zawadi. Akachukua kalamu akaandika juu yake sentensi moja tu, kuhusu kiumbe mdogo akaaye katika shimo ardhini. Yeye mwenyewe hakujua bado kiumbe huyo ni nani. Hapo ndipo ulipoanza ule mti uliozaa kitabu *The Hobbit*, kilichotolewa mwaka 1937. Mbegu yake ilikuwa furaha ndogo ya mtu mchovu mbele ya karatasi tupu.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na habari ya mbwa. Mwaka 1925 jamaa hiyo ilikwenda kupumzika Filey, mji ulio kando ya bahari. Michael alikuwa bado hajatimiza miaka mitano. Alikuwa na mbwa mdogo wa kuchezea aliyetengenezwa kwa risasi na kupakwa rangi nyeusi na nyeupe, naye alimpenda hata hakutaka kumwacha mkononi. Siku moja walipotembea ufukoni alimweka chini kidogo apate kucheza, na mbwa akapotea katikati ya mawe. Baba na watoto walimtafuta siku mbili. Hawakumwona.

Mtu mzima angeweza kusema: «Nyamaza, nitakununulia mwingine.» Au: «Mbona unalilia kipande cha risasi?» Tolkien hakusema hivyo. Alitunga hadithi ya mbwa wa kweli aliyemwudhi mchawi, akageuzwa kuwa kitu cha kuchezea, akanunuliwa, akapotea ufukoni, kisha akasafiri hata mwezini na chini ya bahari. Mbwa hakurudi mkononi mwa mtoto, lakini huzuni ilipata njia ya kupita. Mtoto akaelewa kwamba baba yake ameuona msiba wake wala hakuucheka. Hadithi ile ilikaa miaka mingi, ikatolewa kuwa kitabu mwaka 1998 tu, miaka ishirini na mitano baada ya kifo cha mtungaji. Haikutungwa kwa ajili ya mpiga chapa. Ilitungwa kwa ajili ya macho mawili yaliyojaa machozi.

Tena kulikuwa na barua za Noeli. Mwaka 1920, John alipokuwa na miaka mitatu, alipata barua kutoka kwa Baba Noeli, akaaye kwenye ncha ya kaskazini ya dunia. Mwandiko wake ulitetemeka, kama inavyompasa mzee wa miaka mingi aandikaye katika baridi kali. Tangu mwaka ule barua hazikukoma. Ndani yake mlikuwa picha zilizopakwa rangi, na juu ya bahasha stempu za nchi ya barafu, zilizochorwa kwa mkono. Dubu mweupe, msaidizi wa mzee, alikuwa mtu wa hasara: alivunja nguzo ya ncha ya dunia, akaanguka kwenye ngazi pamoja na vifurushi, kisha akaandika pembeni mwa barua maneno ya kujitetea kwa mwandiko mnene. Mara nyingine hata mtu wa posta alikubali kuzileta pamoja na barua nyingine, ili mashaka yote yaondoke.

Kazi hiyo ilidumu hata mwaka 1943, Priscilla alipokuwa amekwisha kuwa msichana wa miaka kumi na minne. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka ishirini! Iligharimu karatasi, wino, rangi kidogo, na usingizi wa baba. Watoto wakubwa walipotambua siri, hawakuwaharibia wadogo furaha yao. Nani leo aweza kusema ni zawadi gani zilizokuwa ndani ya vifurushi vya miaka ile? Zimevunjika, zimesahauliwa. Barua zipo. Zilitolewa kuwa kitabu mwaka 1976, nazo husomwa hata leo.

Furaha ya tatu ni ndogo kuliko zote, nami naipenda kuliko zote. Jioni baba aliwasimulia watoto habari za yule kiumbe wa shimoni, aitwaye Bilbo. Christopher, aliyekuwa na miaka minne au mitano tu, alisikiliza kwa makini makubwa. Jioni moja akamkatiza baba. Alisema kwamba mara iliyopita mlango wa Bilbo ulikuwa wa rangi ya buluu, na leo umekuwa wa kijani. Tena kishada cha kofia ya Thorin kilikuwa cha dhahabu, na leo kimekuwa cha fedha. Je, baba alisema: «Mtoto hasemi mbele ya wakubwa»? La. Alinung'unika kidogo, kama mtu yeyote aliyekatizwa, kisha akaondoka kitini, akavuka chumba, akaandika sahihisho lile.

Hapa wako watakaoniuliza: «Je, heshima ya baba iko wapi? Baba anayecheka na watoto na kukubali kusahihishwa nao, kesho watamtii?» Swali hili si la upumbavu. Kwetu heshima ni nguzo ya nyumba, na nyumba isiyo na nguzo huanguka. Lakini tazameni vizuri. Heshima ya Tolkien haikupungua jioni ile, iliongezeka. Mtoto aliona kwamba baba yake anaheshimu ukweli hata katika jambo dogo kama rangi ya mlango. Mtoto wa namna hiyo atakapoambiwa «Usiseme uwongo», ataamini. Woga hufanya mtoto anyamaze. Haumfanyi atii moyoni. Na anayenyamaza nyumbani akiwa na miaka mitano, atanyamaza pia akiwa na miaka kumi na mitano, siku ile atakapokuwa na jambo zito ambalo baba na mama walipaswa kulijua kwanza.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Vita kuu ya pili vilipokuwa vikiendelea, Christopher aliingia katika jeshi la ndege, na mwaka 1944 alipelekwa Afrika ya Kusini kujifunza urubani. Alikaa kwa muda Kroonstad, katika jimbo lile lile la Orange Free State ambamo baba yake alizaliwa. Baba, huko Oxford, alikuwa akiandika kitabu kikubwa, *The Lord of the Rings*, na kazi ilikuwa imekwama kwa muda mrefu. Basi akaanza tena, na kila sura iliyokwisha aliipeleka kwa posta Afrika, ili mwanawe aisome na kutoa maoni. Alikuwa mzazi mwenye hofu, kama wazazi wote wenye watoto vitani, naye alimwandikia mwanawe barua baada ya barua. Msikilizaji wa mlango wa buluu alikuwa sasa kijana mwenye sare, mbali sana na nyumbani, lakini hadithi ilimfikia kama zamani. Kitabu hicho kilitolewa katika mafungu matatu, miaka ya 1954 na 1955.

Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba 1973. Aliacha karatasi nyingi mno, nyingine zimeandikwa juu ya nyingine, na kazi moja kubwa aliyoianza ujanani bila kuimaliza. Nani angeweza kuzipanga? Ni Christopher. Mwaka 1977 alitoa *The Silmarillion*, kisha kwa miaka mingi akaendelea kusoma, kulinganisha na kutoa maandiko ya baba yake, hata akawa mzee sana. Alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka tisini na mitano. Mtoto aliyeangalia kishada cha kofia ndiye aliyekuwa mlinzi wa kazi yote ya baba. Naye John, kifungua mimba, yule wa barua ya kwanza ya Noeli, alipewa daraja ya upadri mwaka 1946.

Sisemi kwamba kila mtoto anayesimuliwa hadithi atakuwa mtu wa vitabu au padri. Wala sisemi kwamba nyumba ile haikuwa na taabu. Ilikuwa na magonjwa, na upungufu wa fedha, na mashaka ya wakati wa vita. Nasema hili tu: furaha ndogo hazikungoja taabu ziishe. Zilikaa pamoja nazo katika chumba kimoja. Anayesema: «Nitacheza na wanangu nitakapopata nafasi», atazame mlango wake. Alama aliyoichora ukutani kuonyesha kimo cha mtoto mwaka jana iko chini ya bega leo. Watoto hawangoji.

Pengine mtasema: «Huyo ni Mzungu, tena mwalimu wa chuo kikuu.» Basi, tumtazame mtu wa lugha yetu. Shaaban Robert, mwandishi mkuu wa Kiswahili, alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafa mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali, wala si mtu wa raha. Mkewe Amina alipofariki, alibaki na watoto na huzuni. Na katika maandiko yake zimo tenzi mbili alizowatungia wanawe: Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwana wa kiume, na Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti. Alikuwa na fedha kidogo ya kuwarithisha. Akawapa alichokuwa nacho, yaani maneno yaliyopangwa vema juu ya njia ya kuishi. Na mali hiyo wameirithi pia watoto wa watu wengine wengi, hata wale wanaoisoma shuleni.

Wala haifai kusema: «Mimi si mwandishi.» Nyanya zetu hawakuwa waandishi. Jioni, kando ya moto, walitusimulia habari za sungura mjanja, yule ambaye kwetu Katanga wengi humwita Kalulu. Nasi tulijua kila neno, na nyanya akigeuza jambo moja tulipiga kelele zote pamoja, kama Christopher. Mama auzaye samaki sokoni ana mambo ishirini ya kusimulia kila jioni. Baba afanyaye kazi migodini, mbali na watoto wake, leo ana simu: badala ya kuuliza habari za fedha na magonjwa tu, aweza kuanza hadithi usiku huu na kuiacha katikati, ili watoto wangoje kesho. Lakini simu hiyo hiyo yaweza kuwa mwizi. Baba akaaye sebuleni macho yake yakiwa katika kioo kidogo hayupo nyumbani, hata kama viatu vyake viko mlangoni.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, nanyi mna sehemu yenu. Msidhani kwamba wazazi pekee ndio watoao furaha. Baba arudipo amechoka na kukuta mtoto amechota maji bila kuambiwa. Mama asikiapo mwanawe akimsomea mdogo wake kwa sauti. Nyanya aombwapo: «Tusimulie tena ile hadithi». Hizo ni zawadi zishindazo nguo mpya. Na ninyi wadogo wenye masikio makali, sahihisheni wakubwa, lakini kwa adabu.

Nina shauri moja jepesi. Tafuteni daftari moja la bei ndogo, na kalamu. Kila jioni mmoja katika jamaa aandike mstari mmoja tu: jambo dogo lililomfurahisha siku ile. Asiyejua kuandika aseme, na mtoto aandike. Maembe ya kwanza ya mwaka. Umeme uliorudi kabla chakula hakijaharibika. Neno la kuchekesha alilosema mdogo. Kaka aliyeomba msamaha. Siku nyingine mtakaa kimya muda mrefu mkitafuta, na siku hiyo ndiyo daftari litakalowafaa zaidi, kwa maana mtafungua kurasa za nyuma na kuona kwamba mlikwisha kupewa mengi.

Baada ya miaka kumi, diploma zitakuwa sandukuni na nguo za harusi zitakuwa zimebana. Daftari lile mtalisoma mkicheka, na mmoja wenu atasema: «La, sivyo, mlango ulikuwa wa buluu.»

Tuonane juma lijalo.